Taa ya Hodi

Mume wangu aliendesha mashine ya kukoboa mpunga kwa zaidi ya miaka ishirini, na mashine hiyo ndiyo iliyomla masikio. Haikutokea siku moja. Alianza kwa kuongea kwa sauti kubwa mezani, sisi tukawa tunacheka. Halafu akawa anafungulia redio mpaka spika inakwaruza. Mwishowe akaacha kusikiliza redio kabisa, akasema vipindi vya siku hizi havina maana. Alipoiuza mashine na kubaki nyumbani kwetu Bujonde na kokoa na migomba yake, alikuwa anamsikia mtu aliye mbele yake tu, tena huku akimtazama mdomo. Hospitalini walimpa vifaa vya kuvaa masikioni. Alivivaa wiki mbili, akaviweka kabatini. Alisema vinamletea kelele zote isipokuwa maneno.

Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi. Naondoka asubuhi, narudi saa kumi. Watoto wetu wana familia zao na wanaishi mbali. Kwa hiyo mchana kutwa alikuwa peke yake, na shida ilianzia hapo, kwa sababu huku kwetu mgeni hagongi mlango. Anasimama karibu na baraza, anapiga hodi, anangoja. Asipojibiwa anapiga ya pili na ya tatu, halafu anaondoka. Mume wangu alikuwa sebuleni, hatua sita kutoka pale, na hakuwa na habari kwamba mtu amekuja na ameondoka.

Nililijua jambo hili sokoni. Jirani yetu mmoja alinisogelea nikiwa nachagua dagaa.

"Mwalimu, mzee wako siku hizi ana maringo," alisema. "Tunapiga hodi, tunamwona dirishani kabisa, anatazama televisheni yake. Hata kugeuka hageuki."

"Hasikii, mama. Siyo maringo."

"Hasikii kabisa?"

"Hasikii hodi."

"Basi watu hawajui. Wanasema tangu auze mashine amejitenga."

Kilichoniuma ni kwamba nyumbani naye alikuwa akisema yale yale juu yao. "Nilipokuwa na mashine," alisema, "kila mtu alikuwa rafiki yangu. Sasa hata shemeji haji." Huyo shemeji ni kaka yangu, anayeishi Makwale. Walikuwa wakicheza drafti kila Jumamosi tangu tuoane, na sasa ilikuwa imepita miezi bila yeye kuonekana.

Niliwahi kuona kwenye simu video ya mtu aliyeziunganisha taa za nyumba yake zikawa zinajiwasha zenyewe anapofika. Wakati ule niliona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Baada ya siku ile ya sokoni niliitafuta tena, nikaitazama mara nne, kisha Jumamosi nikaenda Kyela mjini kwa fundi simu ninayemfahamu, baba mmoja wa makamo ambaye meza yake imejaa matumbo ya simu.

"Nataka taa iwake ndani ya nyumba mtu akifika mlangoni," nilimwambia.

"Weka kengele, mwalimu."

"Anayekaa ndani hasikii."

Aliweka bisibisi chini. Alinieleza kwamba kuna bodi ndogo, pana kama vidole viwili, inayoweza kuandikiwa maagizo kwa kompyuta. Ukiwa na bodi mbili na kifaa cha waifai, moja inakaa nje na nyingine ndani, zinapashana habari bila waya. Ya nje ikiguswa, ya ndani inawasha taa. Alisema ataniagizia kutoka Mbeya, zitakuja na basi.

"Kitu kimoja tu," aliongeza. "Usiguse umeme wa ukutani. Tumia chaja ya simu, basi. Ukikosea itaungua bodi, hutaungua wewe."

Ushauri ule naurudia kwa kila anayeniuliza. Mwingine ninaoutoa ni kwamba mtu aanze na taa moja. Mimi nilianza na taa moja, kubwa kama punje ya mpunga, na ilinichukua Jumamosi tatu kuifanya iwake na kuzimika. Nilikuwa natumia kompyuta ya zamani ya binti yetu. Maagizo yalikuwa ya Kiingereza, mistari kumi tu, na kila nilipoyatuma kompyuta iliyakataa. Nilinakili upya mara nyingi. Nilibadilisha waya. Nilipiga simu kwa fundi, naye akaniambia nimsomee mwisho wa kila mstari. Mstari wa sita haukuwa na alama ya mkato yenye nukta juu. Mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa kusahau kuandika kizio! Nikaiweka, nikatuma, taa ikawaka. Nilimwita mume wangu aje aone. Aliitazama ikiwaka na kuzimika juu ya meza ya chakula, akauliza, "Ni ya nini?"

Sikumjibu sawasawa. Nilisema ni ya kujifunzia. Nilimficha kwa sababu hakuwa amekubali kwamba hasikii. Alikuwa anasema watu wa siku hizi wanaongea chini chini.

Kifaa cha kwanza kilikuwa kitufe. Nilikifunga kwenye nguzo ya baraza, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: BONYEZA HAPA. Ndani niliweka taa ya kijani ukutani, juu ya televisheni. Wiki nzima hakuna aliyebonyeza. Watoto waliogopa kupigwa shoti. Watu wazima waliona si adabu kuigusa nyumba ya mtu kabla hujasalimia. Jirani yangu wa sokoni aliniambia waziwazi kwamba kwake kitufe ni cha geti la ofisi.

Kifaa cha pili kilikuwa sensa inayohisi kitu kinachotembea. Niliielekeza uani nikaenda shule nimeridhika. Niliporudi nilikuta taa imefunikwa kwa taulo.

"Inawaka tangu asubuhi," mume wangu alisema. "Nimetoka mara kumi na tano kutafuta kinachoiwasha. Nimekuta bata. Nimekuta jani la mgomba. Mara nyingine sikukuta kitu, upepo tu. Sasa niambie, ni ya nini?"

Nikamkalisha, nikakaa mbele yake ili anione mdomo, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia na maneno ya sokoni, kwamba watu wanapiga hodi na yeye hageuki, kwamba wanamwona ana maringo.

"Wangapi?" aliuliza.

"Sijui. Wengi."

"Nimekaa hapa nawahesabu waliokufa na waliohama," alisema, "kumbe wako nje mlangoni."

Alitoka akaenda kwenye migomba, hakurudi mpaka chakula cha jioni. Nilidhani nimemvunja. Nilikuwa tayari kuvifungua vile vitu vyote na kumrudishia fundi.

Jumapili iliyofuata asubuhi, kabla ya kanisa, nilimkuta amepiga magoti kwenye ngazi ya baraza na futi ya kupimia.

"Wewe unataka kifaa kimwone mtu," alisema alipoona kivuli changu. "Na bata anaonekana. Mtu ana uzito. Lazima akanyage hapa ndipo afike mlangoni."

Tulirudi kutoka ibadani, akaenda stoo kwenye sanduku la vyuma alivyobaki navyo alipouza mashine. Akatoa springi nne za chekecheo. Akakata ubao upana wa ngazi, akaukalisha juu ya zile springi, na chini yake akapigilia vipande viwili vya bati vilivyoachana nafasi ya unene wa daftari. Ubao ukikanyagwa, bati zinagusana. Mimi kazi yangu ilikuwa kuziunganisha bati hizo kwa waya na bodi, mahali palepale kilipokuwa kitufe. Maagizo hayakuhitaji kubadilishwa hata herufi moja.

Kuupima uzito ndiko kulikotuchukua siku. Alimweka bata juu ya ubao, taa haikuwaka. Akaweka debe la mpunga, ikawaka. Akapunguza mpunga mpaka nusu, haikuwaka. Akakaza, akalegeza. Alitaka hata mtoto wa darasa la kwanza akikanyaga ionekane. Nilikuwa nimesimama sebuleni nikimpungia mkono dirishani kila ilipowaka, naye kule nje alikuwa anaitikia kwa kidole gumba, mafuta hadi viwikoni. Sikuwa nimemwona hivyo tangu siku walipokuja kuipakia ile mashine.

Tukaweka taa ya pili chumbani na ya tatu kwenye kibanda cha nyuma anapoanikia kokoa. Kwa ajili ya siku za umeme kukatika tukaweka pawabenki.

Sasa nije kwenye kosa langu. Bodi zile zinaweza kutuma ujumbe kwenye simu. Nilikuwa nimeiona sehemu hiyo kwenye masomo ya mtandaoni, nikaiweka, sikumwambia. Kila mtu akikanyaga ubao, simu yangu ilitetemeka mfukoni nikiwa darasani. Nilijiambia ni kwa usalama wake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia kujua.

Jumatano moja simu ilitetemeka saa nne na robo, wakati wa mapumziko, na haikutetemeka tena mpaka saa saba kasoro dakika chache. Mtu amekuja na amekaa. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Nilimkuta barazani, meza ndogo mbele yake, na drafti juu yake.

"Nani alikuja saa nne na robo?" nilimuuliza.

Uso wake ulikuwa na furaha, nikaiona inaondoka.

"Umejuaje saa?"

Nikatoa simu nikamwonyesha. Alishika simu, akasoma ule mstari wa kwanza, akapandisha kwa kidole, akasoma wa jana na wa juzi. Ziara zote za wiki mbili zilikuwa pale. Hata yeye mwenyewe alipotoka kwenda kunyoa, na dakika aliyorudi.

"Unanilinda au unanichunga?" aliuliza.

"Nakulinda."

"Ng'ombe ndiye anayehesabiwa akitoka na akirudi." Aliiweka simu mezani taratibu. "Nilikuwa na habari ya kukupa. Nimekaa hapa tangu mchana nangoja uje nikuambie. Umeshajipa mwenyewe."

Niliingia ndani nikaleta kompyuta. Nikakaa pembeni yake, nikamwonyesha mistari minne inayotuma ujumbe, nikaifuta yeye akitazama, nikayatuma maagizo upya kwenye bodi. Kisha nikamwomba akakanyage ubao. Alikanyaga. Taa ya ndani ikawaka. Simu yangu ikabaki kimya. Akakanyaga tena, na tena, macho kwenye simu. Nikamwambia, "Nisamehe." Nadhani hakusikia, nilikuwa nimeinamisha kichwa, lakini alirudi akakaa.

"Alikuja shemeji," alisema.

"Kaka?"

"Amesema hii ni mara ya nne tangu mavuno. Mara tatu nilikuwa nimempa mgongo. Aliniita kwa jina, nikaendelea kutazama mpira. Akadhani nimekasirika kwa sababu ya ule mpunga."

"Mpunga gani?"

"Hata mimi nimemuuliza hivyo hivyo. Naye hajui. Alikaa kule Makwale akitafuta kosa lake mpaka akalipata."

Alianza kucheka. Nilicheka na mimi, ingawa nilikuwa bado na aibu. Alinieleza jinsi kaka yangu alivyoruka ubao ulipobonyea chini ya mguu wake, na jinsi alivyokaa akiongea kwa kupiga kelele mpaka jirani akaulizia kule uani kama kuna ugomvi. Michezo mitano ya drafti, kaka alishinda miwili.

Watu walizoea haraka. Wanakanyaga, wanasalimia "Mugonile!" kama kawaida, wanangoja, na mlango unafunguliwa. Wapo wanaokanyaga mara mbili ili awajue ni wao. Jirani yangu wa sokoni alikuja akakaa saa nzima, na alipoondoka alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwalimu," alinishukuru kwa lugha yetu, kana kwamba yeye ndiye aliyepata mgeni.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Masika ya kwanza ubao ulivimba, bati zikashikana, taa ikawaka siku nzima mvua ikinyesha. Tukabadilisha bati kwa vipande vya shaba na kuupaka ubao lami. Bodi moja ilikufa kwa radi. Maneno mengi bado yanampita, na katika kundi la watu wengi anachoka mapema na kuondoka. Taa haikumrudishia masikio. Ilimrudishia mlango tu.

Mwezi uliopita kaka alikuja na ombi. Jirani yake, mama mzee anayeishi na mjukuu wa kike, naye hasikii, na mjukuu anashinda shambani. Niliandika maagizo na kuziunga waya nyumbani, lakini kufunga ubao alikwenda mume wangu mwenyewe na begi lake la spana, akapanda bodaboda saa mbili asubuhi. Alirudi jioni ameshiba wali na ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema yule mama ni mwepesi sana, springi zile ni ngumu kwake, na kwamba itabidi arudi Alhamisi na nyingine laini zaidi. Alilisema kama mtu anayelalamika, huku tayari amefungua lile sanduku la vyuma anachambua.