Doa la Maji

Mjukuu wangu alifungua kinywa kunionyesha doa jeusi kwenye gego. "Linauma kidogo tu, nyanya." Mama yake akaleta karafuu, na ile harufu ikanirudisha utotoni.

Kwetu Salaita maji ya kisima yalitutia sote meno ya kahawia. Kwa hivyo dada yangu alipopata doa jeusi, hakuna aliyeshtuka. "Ni maji hayo," mama alisema. Sisi watoto tukamcheka: "Umelamba sufuria, wewe!"

Lakini doa la maji haliumi. Hilo lake liliuma akinywa uji, halafu jino likatoboka. Mama akalitia karafuu, akamfunga shavu kwa leso. Hospitali ilikuwa mbali, Voi, na mahindi yalikuwa yamekauka shambani. "Tukishavuna, mwanangu, tutapanda gari la moshi."

Walipanda shavu likiwa limevimba mpaka jicho limefumba. Nilipokwenda kuwapokea stesheni, mama alishuka peke yake, leso ameikunja mkononi, bado inanuka karafuu.

"Rudisha karafuu hizo jikoni," nikamwambia mkamwana wangu. "Mtoto avae viatu, twende."