Tumbawe Lililojikunja

Leo nimeinamia ndoo ya maji ya bahari, na ile harufu ya chumvi na mwani ikanirudisha sebuleni kwetu Kurasini. Tangi la samaki la baba lilikuwa linavuja, naye akawa anahamishia matumbawe laini kwenye tangi jipya. Mie nilishika beseni. Au labda alishika dada, sina hakika.

Baba aliyatambua kwa kuyagusa: laini hunywea, gumu ni kama jiwe. Ila moja lenye umbo la uyoga, alilolipenda kuliko yote, lilikuwa limejikunja siku nyingi, limefunikwa utando kama nta.

"Hili limekufa," alisema. "Nikiliweka humu litaoza, liue na mengine."

Akalibeba kwenda kulitupa. Mama akatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye khanga.

"Hebu lete." Akalinusa kama alivyokuwaga ananusa mashavu ya samaki changu kule sokoni feri. "Baba watoto, kitu cha baharini kikifa kinavunda. Hiki kinanukia bahari tu."

"Mama watoto, hili si samaki wa kukaanga!"

"Ndiyo maana sijalitia mafutani."

Baba, nisimwonee, hakubisha sana. Akaliweka tangini. Kesho yake, kama sikosei, utando ulikuwa umebanduka na vidole vyake vidogo vimechanua vyote, vinachezacheza majini.

Baba akaenda jikoni, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba. Haya nipishe, chai inafurika."