Dirisha Lililosema "Hakuna"

KITSHANGA, Masisi. Ni saa moja asubuhi, siku ya soko. Ng'ombe wa kutoka Kirolirwe wanapita mlangoni pa kibanda cha Zéphyrin Bakungu, nyuma yao pikipiki zinapiga honi bila huruma. Ndani, Zéphyrin amekwisha kuwasha kompyuta. Mbele yake ameketi Mama Pétronille, na mapajani ameshika viatu vipya vya mtoto, vya zambarau.

"Papa Zéphyrin, ule motari wa pikipiki alisema nini tena?"

"Alisema mutoto iko muzima, Mama. Keshokutwa tunaenda."

Zéphyrin, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, huchapa barua za watu, hutoa fotokopi na kuchaji simu. Siku njema humwingizia faranga elfu ishirini. Siku mbaya humwingizia vumbi. Kazi anayoipenda kuliko zote haimlipi kitu. Ni programu aliyoiandika mwenyewe, ya kuwakutanisha wazazi na watoto waliopotezana wakati wa kukimbia vita.

Programu hiyo ndiyo inayomnyima usingizi.

Katika fani yake, mtu haundi dirisha la kompyuta kuanzia sifuri. Huchukua lililokwisha kuandikwa, akalifanya lizae jingine. Dirisha-mtoto hurithi kila kitu cha mama: umbo, vitufe, hata namna ya kutafuta. Mwandishi hubadilisha anachotaka. Asichokigusa hubaki kama mama alivyo.

Dirisha-mama la Zéphyrin lilitoka kwenye mafunzo ya Kifaransa aliyosoma Goma. Lilimtafuta mtoto kwa jina la baba, kwa kuwa huko lilikotungwa baba na wanawe huitwa jina moja. Masisi sivyo. Hapa kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu sita wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina sita. Zéphyrin aliongeza sehemu ya kijiji, akaongeza picha, akapaka rangi nzuri. Namna ya kutafuta hakuigusa.

"Nilijaribu na majina ya mule mu mafunzo, yote ikaitika," anasema. "Nikafurahi kama mutoto. Na mi mwenyewe siitwe jina ya papa yangu! Nilisahau namna gani?"

Mama Pétronille alikuja kibandani mwezi mmoja baada ya kukimbia Kirolirwe na mumewe, Grégoire Kanyamibwa. Kwenye msukumano wa watu darajani, mkono wa binti yao wa miaka sita ulimchopoka mama mkononi. Binti huyo anaitwa Plamedi Nshimiyimana.

"Nilimutajia jina ya mutoto," anakumbuka mama huyo, bila ukali. "Akaniambia mashini inauliza ya papa."

Zéphyrin akaandika Kanyamibwa. Dirisha likajibu: Hakuna. Mama akarudi siku ya soko iliyofuata, na iliyofuata tena, akapewa jibu lile lile. Wakati huo Plamedi alikuwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa pili wa mji, kwa familia iliyomwokota, na mhudumu wa kambi alikwisha kumwandika katika programu hiyo hiyo.

"Niko namuambia 'Hakuna' na sauti ya mutu mwenye kujua," Zéphyrin anasema, akitazama chini. "Ile sauti njo inaniumiza zaidi."

Mwaka mzima ukapita. Kisha baba yake Zéphyrin, Papa Magloire, akaja kumsalimia, na kwa utani wa kizee akamwambia: "Njo hii mashini yako? Weka jina yangu, tuone kama itanipatia mutoto."

Zéphyrin akajiandika kama mtoto aliyepotea, kisha akajitafuta kwa jina la baba yake. Hakuna.

Mzee alicheka hadi akakohoa. Mwanawe hakucheka. Alipitia watoto wote walioandikwa, mmoja mmoja kwa macho yake, na kabla jua halijazama alikuwa amempata Plamedi. Alikimbia kambini kwa miguu, akakuta familia ile imehamia Omate, huko Walikale, ambako baba wa nyumba anachimba madini.

Majuto ni mjukuu. Kusahihisha kulitaka mistari michache tu: katika dirisha-mtoto aliandika upya namna ya kutafuta, lisirithi tena ile ya mama bali litafute kwa jina la mtoto mwenyewe. Kazi ya jioni moja. Tangu hapo wazazi kadhaa wamepata wana wao, na kila wanapokumbatiana kibandani, Zéphyrin hutoka nje.

Kuulizia Omate kupitia madereva wa pikipiki kulikula miezi sita. Wiki hii mmoja alirudi na jibu. Msichana yupo, mzima, anaitikia jina lake. Ila sasa msichana humwita yule mke wa mchimbaji Mama.

"Nitaenda na huyu mama mimi mwenyewe," Zéphyrin anasema. "Nitaambia ile familia asante, na nitaambia mutoto ni mimi njo nilichelewesha mama yake."

Mama Pétronille anamwonyesha viatu. Zéphyrin anakichukua kimoja, anakipima kwa kiganja.

"Mama, hii iko ya mutoto wa miaka sita."

"Njo yake," anajibu haraka. Kisha anakitazama tena. "Papa Zéphyrin, sasa muguu yake iko kubwa namna gani?"

Mama Pétronille anainuka, anafunga kitenge vizuri na kurudi sokoni kuomba abadilishiwe, achukue vikubwa zaidi.