Nusu Saa ya Kwenda Pemba

Rubani alitutangazia kuwa kutoka Unguja hadi Pemba ni nusu saa, nami nikaona haya kitini kana kwamba abiria wote wananijua. Miguuni nilikuwa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kwetu Bariadi vinavyokatwa vipande na kuanikwa. Hiyo nusu saa niliijua tangu nikiwa darasa la sita.

Ndugu yangu, unaikumbuka miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa? Wanunuzi binafsi wa pamba walitufuata hadi mlangoni na mizani zao. Mmoja, Mpemba mpole, alinunua pamba ya bibi yangu misimu miwili. Msimu wa tatu akamwoa mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, wakahamia kwao. Mama mdogo alipojifungua aliandika barua: bibi aje amwogeshe mtoto, nauli ipo. Treni kutoka Malampaka hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, halafu ndege ndogo.

Treni na boti havikumsumbua. Alichotaka kujua ni hiyo ndege. Bibi alipima safari kwa ng'ombe wa kuswagwa: wakinyweshwa mara moja njiani ni karibu, mara mbili ni mbali mno. Akanituma kwa mwalimu mwenye ramani. Mwalimu alinyoosha uzi kati ya visiwa vile, ukawa mfupi kuliko kucha yangu. Akacheka, akasema ni nusu saa tu, hata uji haujachemka.

Nilirudi polepole. Bibi ndiye aliyenilea, na akiondoka ningehamia kwa mjomba, kule Nyalikungu, ambako watoto walikula wakubwa wakishashiba. Nilimkuta anakata viazi, mikono imejaa utomvu.

"Ng'wanawane, mwanangu, ng'ombe wangekunywa mara ngapi hapo katikati?"

"Mara mbili, bibi. Na hakuna pa kupumzika."

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Akasema basi, mtoto atakuja mwenyewe akishajua kutembea. Jioni ile alinipa maziwa ya mgando na ugali, nikala kwa raha zangu zote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Mtoto hakuletwa. Bibi alizikwa hatua chache kutoka uchanja wake wa kuanikia viazi, bila kumwona. Uchanja umeshaoza, wenye mizani hawaji tena mlangoni, na nyumba ile wanaishi wengine.

Uwanjani mama mdogo alinipokea, kichwa chote mvi. Alifungua mfuko palepale, akanusa, akatafuna kipande kikavu huku machozi yakimtoka.

"Mama angekuja," alisema. "Ni maji tu aliyaogopa."

Bibi hakuogopa maji. Nilipougua surua alinivusha mto Simiyu mgongoni kunipeleka zahanati, maji yakimfika kifuani, huku akiniimbia nisilie. Nilifungua kinywa nimwambie mama mdogo. Kisha nikachukua mfuko, nikamwuliza gari liko wapi.