Kiapo cha Verna Tuttle Juu ya Maegesho

Watu wengine huenda bustani ya michezo kubembea na kupiga mayowe. Sisi huenda kutazama uzio. Kila Jumamosi asubuhi tulikutana ghorofa ya juu kabisa ya maegesho ya magari, hapa Orlando, Florida, kila mtu na kiti chake cha kukunja, tukaelekeza darubini ng'ambo ya uzio, kule bustani ilikokuwa ikijenga Bandari ya Nyota: mtaa mzima wa sayari ya kubuni, wenye maroboti na chombo cha anga ambacho wageni wangekipanda. Jamaa zetu walituona wendawazimu, na mimi sibishi.

Aliyetuanzishia wendawazimu huo ni Verna Tuttle, mpishi mstaafu wa shule. Baba yake alikuwa mchuma machungwa karibu na pwani, naye akiwa mtoto alisimama katikati ya mashamba ya watu akitazama roketi zikipaa juu ya miti. "Tangu siku ile sijashuka, Lyle," aliniambia. Mumewe Orrin alipofariki na mwanawe kuhamia Oregon, Jumamosi zetu ndizo zilizobaki kuwa maisha yake. Alifika kabla yetu sote na sufuria ya karanga za kuchemsha, na ilikuwa marufuku kubishana kabla ya kula.

Na kubishana tulibishana! Mwaka ule ugomvi ulikuwa juu ya kiunzi cha chuma cha mviringo, chenye miguu mitatu, kilichosimama karibu na lango. Sasa, kila mpenzi wa bustani hizi anajua kwamba wajenzi hupaka kijani kilichofifia kitu wasichotaka mgeni akione, na jicho hukiruka kweli. Lakini kile kiunzi kilivishwa mabati, kikapakwa rangi ya fedha, kikametameta juani.

"Nani anapaka rangi ya fedha kitu cha kuficha?" akasema Verna. "Hicho ndicho chombo chenyewe."

"Kidogo vile?" nikamwambia. "Kitabeba watu au paka?"

"Wewe miwani yako mwenyewe huioni ikiwa puani, utaona chombo?"

Rashad Colquitt, mfamasia kijana aliyekuwa akiturekodi kwa ajili ya chaneli yake ya mtandaoni, akamchokoza. "Bi Verna, unaapa?"

Verna akainuka kitini. "Naapa kwa kaburi la Orrin. Kama si chombo, sikanyagi tena ghorofa hii."

Tulicheka sote. Yeye hakucheka.

Wiki kadhaa baadaye lori likasimama mbele ya kile kitu cha fedha, mafundi wakaanza kushusha mizigo. Rashad alikuwa kwenye darubini. Akatazama, akafuta kioo, akatazama tena.

"Bi Verna," akasema polepole, "wanaingiza masinki. Na... mama yangu, samahani, ni vyoo."

Walikuwa wamejenga choo cha wageni, wakakipamba kama chombo cha anga. Verna akachungulia kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Tazameni miguu ile ilivyoungwa! Nani mwingine duniani angehangaikia choo hivyo? Hawa watu nawapenda." Halafu akakunja kiti chake.

"Acha mchezo, Verna," nikasema. "Nani anahesabu?"

"Nahesabu mimi," akajibu, akaingia garini.

Jumamosi zilizofuata hazikuwa na ladha. Watu walipiga picha na kwenda zao. Nilimpigia simu, akasema anasafisha nyumba, na nyumba ile ilikwisha kuwa safi kiasi kwamba inzi angeteleza. Sauti yake ilikuwa imepungua. Ukaidi wake ulinikera, ukaniumiza pia, kwa sababu mimi ningevunja kiapo kile kabla ya chakula cha mchana, na wote wangenisamehe kwa kuwa hakuna aliyetegemea zaidi kutoka kwangu.

Rashad ndiye aliyepata njia. Nami nikampigia Verna tena: nina wageni, tafadhali aniletee karanga, tupo maegesho, ghorofa ya nne, moja chini ya ile yetu.

Alikuja. Akatukuta sote na viti vyetu, tumejipanga mbele ya nguzo za zege na majani ya mialoni. Kamera ya Rashad ilikuwa mkobani, na mashabiki wake huko mtandaoni walikuwa wakimsubiri bure.

"Mnafanya nini huku? Hapa hamwoni kitu!"

"Hatuoni kitu kabisa," akasema Rashad. "Lakini ghorofa hii hukuiapia, Bi Verna."

Akasimama na sufuria mikononi, akatutazama mmoja mmoja. Nilifurahi hata nikaona haya, nikageuka pembeni.

"Wajinga wakubwa nyie," akasema hatimaye. "Kuleni kwanza."

Tukala. Kati ya majani ilionekana ncha ya kreni tu, ikigeuka taratibu. Verna akaikazia macho.

"Imeinua kitu kizito ile. Safari hii ni chombo."

"Ni choo cha pili," nikasema.

"Unaapa, Lyle?"

Wote wakanigeukia. Nikajaza karanga mdomoni, nikatafuna.