Mstari wa Kalamu Mguuni mwa Ildefons

Pale Ijumbi, mwenye ndizi mbivu za kutengeneza rubisi, pombe ya ndizi, humwita Ildefons. Akishanawa miguu, akaingia kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi na kuzikanyaga ndizi pamoja na nyasi hadi zitoe maji, hata wasiompenda husimama kumtazama. Ndiyo maana jirani yake Kahigi alimwita, ingawa tangu masika hawakuelewana. Ildefons aliona mlamula wa mpakani umeingia shambani kwake hatua nzima, na mlamula, jamani, ni mti, hauna miguu.

Alikanyaga kutwa. Unyasi mmoja ukamchana kifundoni, mchano mwembamba tu. Siku ya tatu mguu ulikuwa mwekundu, wa moto, umevimba hadi katikati ya muundi.

"Kahigi ameweka kitu kwenye gogo," alisema.

"Rubisi ya gogo hilo imenywewa na kijiji kizima," mkewe Immakulata akamjibu. "Mbona hakuna aliyevimba mdomo?"

"Hao hawana mpaka naye."

Alitaka mganga, amtajie aliyemroga. Immakulata akaita bodaboda, akampeleka kituo cha afya Kamachumu. Huko tabibu, binti aitwaye Lilian, alichukua kalamu akachora mstari kuzunguka ukingo wa ule wekundu.

"Huu ndio mpaka, mzee. Ukivukwa sana na homa isishuke, nakupeleka Bukoba mjini."

"Wakaukate?"

"Wakauangalie."

Jibu hilo halikumpendeza. Anayekamua kwa miguu, ukimkata mguu umembakishia nini? Dripu ilipoanza kudondoka akauliza, "Nani kawatuma hawa wadudu?"

"Hakuna. Ni bakteria, wengine hukaa juu ya ngozi, hata yako. Unyasi umewafungulia mlango."

"Mlango haumfikishi mwizi chumbani, binti yangu."

Lilian akavuta kiti. "Wana vimeng'enya. Nyama ya mwili imeshikana kwa kitu kama gundi. Kimeng'enya kimoja kinaiyeyusha, wanapenya katikati. Mwili ukigandisha damu uwazungushie uzio, kingine kinauyeyusha uzio."

Ildefons akauinamia mguu. "Kwa hiyo ni wang'oa milamula."

"Ndio hao."

Tangu hapo hakuuondolea macho ule mstari. Alimshuku hata muuguzi kwamba akimtandikia shuka anausogeza. Asubuhi wekundu ulikuwa umevuka upana wa kidole, akamwita Lilian. Lilian akaushika mguu. Siku ya kwanza hutokea, alisema, ila joto limepungua, dawa iendelee. Asubuhi ya tatu wekundu ulirudi ndani ya mstari, ngozi ikanywea kama ganda la ndizi iliyoiva. Ildefons alipima kwa vidole mara mbili, ndipo akaamini.

Siku hiyo Kahigi alifika na kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Akatafuna moja kwanza, kama desturi inavyotaka, kisha akanyoosha kikapu. Ildefons akaiacha iliyokuwa juu, akachokonoa hadi chini kabisa, akatoa moja na kuitafuna polepole.

"Umeridhika, waitu?" Kahigi akauliza.

"Kwa mguu, ndiyo. Kwa mlamula, bado sijakuamini."

"Najua. Pona, twende na kamba tukapime."

"Tutapima," alisema Ildefons, akiingiza mkono tena kikapuni. "Na siku ya kukamua, nyasi nitakata mwenyewe."