Dakika Ambayo Milembe Hakupewa

Jirani wa marehemu anasimulia kwamba siku ile daktari wa zahanati hakuinua hata uso. Mama wa watu aliingia akikohoa, akatoka na dawa kabla benchi halijapata joto. "Alimfukuza kama kuku kwenye mahindi," anasema, na kijijini kwao, wilayani Itilima, wengi wameshika hivyo hivyo.

Mama huyo, ambaye sasa ni marehemu, tumwite Milembe. Si jina lake. Sababu itaonekana mbele.

Daktari huyo ni Eufrasia, afisa tabibu mwenye miaka 34, na hajitetei sana. "Uso niliinua," anasema taratibu. "Nikaona pamba kwenye nywele zake. Kifua sikukiona."

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Majuma hayo anayekohoa huku husemwa amekula vumbi tu. Zahanati ina wahudumu wawili, na wagonjwa walifika hata sabini kwa siku. Eufrasia akaandika "vumbi la pamba" kwenye daftari, akatoa dawa ya kifua. Hakuuliza nani mwingine anakohoa nyumbani. Angeuliza, angeambiwa juu ya kaka yake Milembe aliyerudi safari na homa, ambaye yeye ndiye alikuwa akimuuguza.

Siku ya nne Milembe alifariki hospitalini, ana miaka 27. Majibu ya vipimo yalikuja ameshazikwa: ugonjwa mpya wa njia ya hewa.

Leo saa tatu asubuhi, katika ukumbi mmoja mjini Bariadi, Eufrasia amesimama mbele ya matabibu wenzake tisa. Mwaka jana, baada ya kifo hicho, alifundishwa kuutambua ugonjwa huo. Sasa anawafundisha wengine. Novatus, tabibu kutoka Meatu, anaigiza mgonjwa. Anakohoa mpaka kiti kinalia.

"Daktari, vumbi tu hili! Nipe dawa niwahi mnadani, ng'ombe wangu atauzwa bei ya mbuzi!"

Ukumbi unacheka. Eufrasia hacheki.

"Barakoa kwanza, mzee wa mnada. Hamia benchi la nje, penye hewa. Nyumbani nani mwingine anakohoa? Nani amesafiri?"

Kisha anatazama saa na kuhesabu pumzi za Novatus, dakika nzima. Kicheko kinakufa chenyewe. Kumbe dakika ni ndefu.

"Dada, mbona unaikazania hivyo dakika hiyo?" Novatus anauliza.

"Nitakuambia siku nikiruhusiwa."

Anataka kuwasimulia habari za Milembe kwa jina lake la kweli, kabla msimu mwingine wa kuuza pamba haujafika. "Ukisema 'mgonjwa mmoja', wanamsahau kabla ya chai," anasema. Lakini marehemu ana wenyewe.

Jumamosi anakwenda kwa mama wa Milembe, mara ya kwanza tangu mazishi. Mama ameketi juu ya turubai, anachambua pamba.

"Mwangaluka, mayu," Eufrasia anamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka," mama anaitikia. Salamu hainyimwi mtu.

Eufrasia anavua viatu, anaketi chini.

"Mayu, mimi ndiye niliyempokea binti yako. Nilikosea. Naomba uniruhusu nimtaje jina ninapofundisha, ili mwingine asirudishwe nyumbani kama yeye."

Mama anaokota jani kavu kwenye pamba, analitupa. Anaokota lingine.

Dakika nzima inapita. Eufrasia anajua urefu wake. Nyingine inaanza, na mikono ya mama bado inachambua. Kwa hiyo hapa bado tunamwita Milembe.